Madebe Kumi kwa Ndani

Siku Mzee Ambindwile alipoanza kuunga mbao za lile sanduku, watu watatu walipita pale Bulyaga wakavua kofia. Usiwalaumu. Kwa miaka zaidi ya arobaini mzee huyo alikuwa ametengeneza vitanda, milango na makabati ya nusu ya mji wa Tukuyu, lakini kilichompa jina ni majeneza. Sanduku refu la mita moja likionekana mlangoni kwake, mtu mwenye malezi huvua kofia kwanza, ndipo aulize.

"Pole, mama," mpita njia wa tatu akamwambia mke wa mzee, Bibi Tupokigwe, aliyekuwa kwenye kigoda akimenya ndizi. "Aliyetutoka ni nani?"

"Ukimya," akajibu Bibi Tupokigwe bila kuinua macho. "Tunamzika Jumapili, kanisani. Uje, wali utakuwepo."

Yule mtu akaenda zake taratibu, akizipitia koo zote za Bulyaga kichwani asimpate aitwaye Ukimya.

Kumbe sanduku lilikuwa la muziki. Kwaya ya kanisa ilikuwa imenunua spika nne za besi, zile kubwa za inchi kumi na mbili, kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Kiongozi wa kwaya, Mwalimu Julius, mtu wa Bukoba aliyeletwa na serikali kufundisha hesabu, alitaka zote nne zikae kwenye sabufa moja. Na aliyepewa kazi ya kulipanga hilo sanduku hakuwa mzee. Mzee alikuwa wa kukata na kuunga tu. Aliyelipanga ni Ikupa, mkamwana wao, mke wa mtoto wao Lukasi aliyekuwa akiendesha lori la majani ya chai.

Ikupa alikuwa fundi wa redio na spika, kasomea chuo Mbeya, ana kalamu sikioni na nyaya mfukoni. Jiko la zamani nyuma ya nyumba alikuwa amelifanya chumba chake cha ufundi. Bibi Tupokigwe alipenda kukaa humo akiuliza maswali ya kipuuzi.

"Kwani spika haiwezi kuimba bila sanduku?"

"Inaimba, mama, ila besi hamna. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma. Ikiwa wazi, hewa ya mbele inazunguka kukutana na ya nyuma, zinauana. Sanduku ndilo linalozitenganisha."

"Kama wake wenza."

"Kama wake wenza. Lakini ukiitenganisha spika kwa kuibana, nayo inanuna. Kila spika inataka lita hamsini za kupumulia. Nne, lita mia mbili."

"Lita mia mbili za nini?"

"Za hewa."

Bibi Tupokigwe alikuwa ameishia darasa la nne, lakini debe alilijua kuliko anavyolijua jina lake. Debe moja lita ishirini. Akakunja vidole. "Si useme tu madebe kumi? Unanizungusha kama ng'ombe anayetafutiwa malisho."

Ikupa akacheka, kile kicheko chake kinachoanzia tumboni mpaka kuku wanakimbia. Na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Bibi Tupokigwe alizaa watoto sita, wote wakaondoka, nyumba ikabaki kimya miaka tisa. Mume wake alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye mikono ya dhahabu, lakini utani ukimwambia leo unamfikia kesho yake. Unamtania Jumatatu, anacheka Jumanne. Kisha Lukasi akamleta Ikupa, na bibi akapata mtu wa kucheka papo hapo.

Sasa mtu huyo alikuwa anataka kuondoka. Kuna duka Mbeya lilimtaka, na chumba cha kupanga kilishapatikana.

"Mtu wa Tukuyu akitaka muziki anaufuata Mbeya, mama," Ikupa alimwambia kwa upole. "Nikae hapa nihesabu mvua? Ila hili la kanisa nitalifanya. Jumapili Tukuyu yote itakuwepo. Likiimba vizuri, kazi zitakuja zenyewe, nami nitabaki. Lisipoimba, Jumatatu nafunga mizigo."

Kwa hiyo mtu akisema sanduku lile lilikuwa la kwaya, anakosea. Lilikuwa la Bibi Tupokigwe.

Tatizo lilikuwa moja, la zamani kuliko umeme. Kwa Wanyakyusa wa jadi, mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, jina lake halitaji. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia migombani mpaka apite. Ni heshima hiyo, siyo ugomvi. Vijana wengi siku hizi wameliacha, lakini Mzee Ambindwile alikuwa mtu wa kale, na Ikupa, ingawa alikulia Mbeya mjini, alikuwa amefundwa na mama yake akafundika. Basi mzee akawa katika karakana upande wa barabarani, mkamwana jikoni upande wa nyuma, na kati yao ua wa hatua thelathini. Wanatengeneza kitu kimoja na hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Aliyekuwa akipeleka maneno ni Bibi Tupokigwe. Kazi hiyo ilimkaa kama gauni la kushonesha. Neno likitoka jikoni likiwa jeupe, likifika karakana lina chumvi.

"Mkamwana anasema randa yako inalia, itie mafuta."

"Amesema hivyo?"

"Amesema kwa macho."

Jumatatu Ikupa akampa vipimo. "Mama, nisikilize, hili la leo siyo la mchezo. Urefu mita moja. Kimo nusu mita. Kina sentimita arobaini. Na vyote ni vya ndani. Kwa ndani, mama. Usisahau."

"Mimi nisahau? Nina kichwa cha tembo."

Akatoka. Katikati ya ua akamkuta jogoo wa jirani kwenye mboga zake, akamtupia kandambili, akamtukania ukoo, akaokota kandambili, akaendelea. Alipofika karakana akasema, "Mita moja, nusu mita, sentimita arobaini." Hilo la "kwa ndani" alilikumbuka vizuri. Aliliacha makusudi, kwa sababu aliona halina kazi. Sanduku gani lisilo na ndani?

Mzee Ambindwile akaandika ukutani kwa penseli, akaanza. Kwa fundi wa makabati kipimo ni cha nje, maana kabati lazima lienee chumbani kwa mtu. Yaliyomo ndani ni shauri la mwenye nguo. Akakata plaiwudi nene ya milimita kumi na nane, akapaka gundi kila pembe, akaweka na mihimili ndani ili mbao zisitetemeke, kama alivyoagizwa. Mbele akatoboa matundu manne ya spika, na la tano la bomba, lile la plastiki la inchi sita la maji machafu, akalikata urefu wa shibiri moja. Hilo la bomba Ikupa alilieleza kuwa ni pua: sanduku linapumulia hapo, na pua ikilingana na kifua, besi inashuka chini kabisa. Mfuniko wa nyuma akaukaza kwa skrubu ili ufunguke. Ukilipiga konde sanduku lile, linalojibu ni konde.

Alhamisi vijana wa kwaya wakalibeba mpaka jikoni. Ikupa akafunga spika zake, akaunganisha amplifaya, akaweka wimbo. Mwalimu Julius alikuwa amekuja kusikiliza, kasimama mlangoni na mwavuli.

Sanduku likaanza. *Duu. Duu. Duu.*

Ikupa akabadilisha wimbo. *Duu. Duu. Duu.* Akaweka wa tatu, wa taratibu, wa Kwaresima. Nao *duu* pale pale.

"Huyu anajua neno moja tu," akasema Bibi Tupokigwe.

"Mama Lukasi," Mwalimu Julius akasema akikuna shavu, "kwaya yangu ina sauti nne. Hii ya tano inayogugumia ni ya nani?" Akamgeukia Ikupa, mpole lakini mwalimu. "Dada, nakuamini. Ila Jumamosi asubuhi nitapita tena. Likiwa hivi, itabidi nipige simu Mbeya tukodi muziki. Waumini hawawezi kusherehekea mavuno kwa *duu*."

Akafungua mwavuli akaondoka. Ikupa hakucheka siku hiyo. Akafungua daftari, akapiga hesabu upya, akapiga tena. Zote zikatoka sawa.

"Mwambie baba," akasema mwishowe, "namheshimu sana, lakini huenda mahali fulani hewa inavuja."

Bibi akavuka ua. Mzee akasikiliza, akaweka patasi chini. "Mwambie mkamwana," akasema, "namheshimu sana. Sanduku langu halivuji hata moshi. Labda hesabu ndizo zinazovuja."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Bibi Tupokigwe akapeleka neno bila chumvi, na bado lilikuwa chungu. Jioni ile hakuna aliyeongezwa mboga. Alilala akisikia mvua juu ya bati, na katikati ya mvua akasikia *duu, duu*, kama mtu anayebeba mizigo kuelekea stendi.

Ijumaa asubuhi Ikupa akaenda mjini kutafuta nyaya nyingine, labda kosa lilikuwa huko. Spika alikuwa amezifungua, kaziweka juu ya meza. Sanduku limelala chali katikati ya jiko, matundu yakitazama dari. Bibi Tupokigwe akakaa akitazamana nalo.

"Wewe," akaliambia. "Madebe kumi."

Likanyamaza.

"Nakuuliza. Madebe kumi, au unatudanganya?"

Hewa hakujua kuipima. Lakini yeye na mahindi walijuana. Akaziba bomba kwa tambara, akaenda ghalani, akajaza debe, akalikokota mpaka jikoni, akamimina tunduni. Moja. Akarudi. Mbili. Magoti yakamsema, akayajibu. La tatu, la nne, la tano. Akawa anasambaza kwa mkono pembeni ili lisibaki pengo, kama anavyofanya mfanyabiashara wa haki, siyo wale wa sokoni wanaokuuzia debe lililobonyezwa kitako. La saba likaingia. La nane lilipokuwa limebaki kiganja tu, mahindi yakafika mdomoni mwa sanduku na kukataa kushuka.

Akahesabu tena vidole. Nane, tena kasoro. Madebe mawili yako wapi?

Akalizunguka. Akaweka kidole ukingoni mwa tundu, akaupima unene wa plaiwudi: kucha mbili. Kucha mbili juu, mbili chini, mbili kushoto, mbili kulia, mbili mbele, mbili nyuma. Akasimama. Kichwani mwake akamwona jogoo wa jirani, akaiona kandambili ikiruka, na nyuma ya kandambili akaliona lile neno alilolitupa uani, bado limelala kwenye mboga.

Kwa ndani.

"Mama!" Ikupa alikuwa mlangoni, nyaya begani, macho yamemtoka. "Umejaza mahindi kwenye sabufa ya kanisa?"

"Si sikukuu ya mavuno?" akasema Bibi Tupokigwe. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Akakaa kwenye kigoda. "Mwanangu, baba yako mkwe havuji. Hesabu zako hazivuji. Mimi ndiye ninayevuja."

Akaeleza yote, mpaka jogoo. Ikupa akasikiliza, akachota mahindi kiganjani, akayaachia taratibu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kile kicheko kikatoka, kuku wakakimbia.

"Madebe mawili! Ni lita arobaini, mama. Tumejenga nyumba ya watu wanne tukawapa nafasi ya watatu. Wa nne kalala mlangoni, ndiyo maana wote wanagugumia. Kifua kidogo, pua kubwa." Akafuta machozi. Akaangalia nje, mvua imeanza tena, na kicheko kikakatika. "Lakini leo ni Ijumaa."

Waliumimina mzigo ghalani, Ikupa akarudisha spika mahali pake. Bibi akajifunika mfuko wa mbolea, akavuka ua kwenda kukiri kwa mumewe. Mzee akausikia mkasa wote bila kutikisa kope.

"Tuliongezee kina kwa nyuma," akasema. "Sentimita ngapi?"

Bibi akavuka. "Anauliza sentimita ngapi."

"Mwambie tisa, na moja ya mihimili. Kumi. Ila mfuniko asiukate, urudi ulivyo."

Akavuka. "Kumi, na mfuniko usiukate."

"Mihimili ya kati nayo irefuke au ibaki?"

Akavuka. Mvua ikanyesha ile ya Tukuyu isiyojali mtu. Akajibiwa, akavuka, akaulizwa kuhusu bomba, akavuka tena, akasahau ni bomba au mhimili unaorefuka, akarudi kuuliza, akateleza kwenye mboga zake mwenyewe. Alipofika karakana mara ya sita, maji yanamtiririka kidevuni, akakaa chini kwenye vumbi la mbao.

"Mimi siendi tena. Na nikienda nitaacha neno lingine njiani, nakijua kichwa hiki."

"Basi tufanyeje?" akauliza mzee. "Mwiko ni mwiko."

Bibi Tupokigwe akautazama mlango wa nyuma wa karakana, unaofungukia uani. Akaupima kwa macho, akalikumbuka sanduku. Ule uso wake wa ukorofi ukaanza kurudi polepole.

"Baba Lukasi. Mwiko unasema mkamwana asimwone mkwe, asimsemeshe mkwe. Umewahi kusikia mwiko unaokataza mtu kusema na sanduku?"

Mzee akafikiri. "Wazee hawakuwa na masanduku ya namna hii."

"Basi hawakuyakataza."

Wakalisimamisha sanduku mlangoni, juu ya meza, vijana wawili wa kwaya wakisaidia. Nyuma yake ikawa ndani ya karakana, mbele yake ikawa uani chini ya kipenu. Juu, palipobaki wazi, bibi akatundika khanga. Mzee akafungua skrubu za mfuniko wa nyuma, akaingiza kichwa chote sandukuni. Upande wa uani spika nne zilikuwa zimeziba matundu yote. Lililobaki ni bomba.

"Ikupa!" bibi akaita kutoka pembeni. "Weka sikio kwenye bomba. Au mdomo. Jicho usiweke!"

Ndani ya sanduku mzee akakohoa. Kikohozi kilitoka upande wa pili kimenenepa, kizito, kama nabii yuko kisimani. Ikupa akaruka nyuma, akashika kifua, kisha akapiga magoti, khanga kichwani, macho chini, akasogeza mdomo.

"Shikamoo, sanduku," akasema.

Mvua ikagonga bati. Halafu ile sauti nzito ikatoka: "Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mihimili. Irefuke au ibaki?"

"Ibaki. Ongeza mmoja wa kusimama, katikati, usiguse sumaku za spika."

"Bomba?"

"Lisiguswe. Lilipangwa kwa madebe kumi. Likiyapata madebe yake litatulia."

"Unasema kwa ndani?"

"Kwa ndani, sanduku. Kila kitu kwa ndani."

Bibi Tupokigwe alikaa katikati, kushoto mume wake asiye na kichwa, kulia mkamwana anayeongea na bomba la maji machafu, akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga mpaka machozi yakamtoka. Wawili wale waliongea mambo ambayo yeye asingeweza kuyabeba hata kwa punda: unene wa gundi, upande ambao mbao zitapinda, kwa nini pembe ya ndani inafaa kuwekewa kibanzi. Dakika kumi zikapita bila mtu kumhitaji.

Kisha sauti ya sanduku ikashuka. "Kuna jambo. Plaiwudi nene imeniishia. Nimetuma mtu mjini, nako hakuna mpaka lori la Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa ile ile ya kufunga mizigo.

Bibi Tupokigwe akaacha kucheka. Akageuka akatazama kupitia dirisha la nyumba yao, hadi sebuleni, lilipokuwa kabati lake. La mninga, lenye rafu tano pana. Mzee alilitengeneza mwaka waliooana, na kwa miaka arobaini na mbili kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kwanza kabati, ndipo akaribishwe kiti. Vikombe vilivyokaa humo havikuwahi kunywewa chai.

"Kuna rafu zangu," akasema.

Kichwa cha mzee kikatoka sandukuni, kina vumbi. "Za kabati la harusi?"

"Rafu mbili zinatosha?"

"Zinatosha na kubaki. Lakini mama Lukasi, vikombe..."

"Vikombe vitakaa kwenye beseni, vizoee maisha. Neno nililiacha mimi uani. Nenda kachukue msumeno kabla sijabadili moyo."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Na alipokwenda kuzitoa zile rafu, alizitoa kwa nyundo ya mpira, taratibu, kama mtu anayemnyanyua mtoto aliyelala. Mchana wote akachana, akaunga, akapiga msasa, na maswali yakapita bombani kwenda na kurudi. Jua lilipochungulia jioni, sanduku lilikuwa na tumbo jipya la mninga mwekundu nyuma, kama mama mjamzito aliyevaa mkanda.

Jumamosi asubuhi gundi ilikuwa imekauka. Mwalimu Julius akaja na mwavuli wake, simu mkononi tayari kwa ajili ya Mbeya. Ikupa akaweka ule wimbo wa Kwaresima.

Besi ikatoka. Haikusema *duu*. Ilishuka ngazi moja moja pamoja na wimbo, ikapanda nao, ikapita chini ya sakafu na kuingia kwenye miguu ya vigoda. Bibi Tupokigwe aliisikia kwenye magoti, na kwa mara ya kwanza wiki ile magoti hayakulalamika. Huko sebuleni, ndani ya beseni, vikombe vya harusi vikaanza kugongana kwa adabu.

Mwalimu Julius akairudisha simu mfukoni. "Hii sasa," akasema, "ni sauti ya tano ninayoikubali."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Ndizi, parachichi, magunia ya maharage mbele, kuku wawili waliofungwa miguu wakilalamika. Kwaya iliposimama, besi ile ikawabeba kama mgongo unavyombeba mtoto; hata yule mpita njia aliyekuja kumzika Ukimya alisimama nyuma akipiga makofi, amesahau kuuliza maiti iko wapi. Katikati ya shangwe Mwalimu Julius akakamata kipaza sauti. Mtu wa Bukoba, hakujua.

"Nawaomba waliotengeneza chombo hiki waje mbele, wasimame pamoja tuwaone! Mzee Ambindwile na dada Ikupa!"

Wazee wote kanisani wakavuta pumzi kwa pamoja. Mzee upande wa wanaume akawa kama msumari uliopigiliwa. Ikupa upande wa wanawake akashusha khanga usoni. Mwalimu akawa anatabasamu, anasubiri.

Bibi Tupokigwe akainuka. Akapita katikati ya viti akichechemea makusudi ili watu wampishe, akafika mbele, akasimama nyuma ya sanduku. "Baba Lukasi, njoo huku kulia. Mwanangu, wewe kushoto. Sanduku katikati, na juu yake mimi." Na kweli, akapandisha mikono miwili na kuitandaza khanga yake juu ya sanduku kama pazia. Mzee akaja, uso umeelekea dirishani. Ikupa akaja, uso umeelekea kwaya. Kati yao madebe kumi ya hewa, kwa ndani. Kanisa likalipuka kwa vigelegele, wazee ndio waliopiga kwa nguvu zaidi.

Kabla wali haujaisha, mtu wa kumbi za harusi kutoka Kiwira alikuwa ameshamfuata Ikupa. Alitaka sabufa ya spika sita. Mwenye baa akataka ya mbili, na shule moja ikataka ya kengele na matangazo. Jumatatu Ikupa hakufunga mizigo. Alipiga simu Mbeya, akakiachia kile chumba.

Jumatano yake Mzee Ambindwile alitoboa ukuta wa karakana, akapitisha bomba la inchi sita chini ya ardhi ya ua mpaka jikoni, na kila mwisho akaweka kiwiko, ili sauti ipinde na jicho lishindwe. Tangu hapo maneno yakawa yanapita yenyewe, hayalowi na hayaachwi kwenye mboga. Bibi Tupokigwe akawa hana kazi. Siku mbili alinuna.

Siku ya tatu, magoti yakimuuma na jiko likiwa tupu, akaliona bomba. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akainama, akaibana pua kidogo, akaifanya sauti yake changa na yenye heshima.

"Shikamoo, baba. Mama hajisikii vizuri. Anaomba chai ya maziwa, na sukari asipunjwe."

"Marahaba," bomba likajibu. "Nimesikia."

Akarudi haraka kigodani, akajikunja kama mgonjwa. Haikupita nusu saa, Mzee Ambindwile akavuka ua mwenyewe, kikombe mkononi, tena kimoja cha vile vya harusi, kimejaa mpaka ukingoni. Akampa. Bibi akanywa. Tamu kama dhambi.

"Mkamwana ndiye aliyeagiza," akasema mzee.

"Ndaga," bibi akashukuru kwa Kinyakyusa. "Mtoto mwenye adabu yule."

"Sana." Mzee akakaa pembeni yake, akafuta vumbi la mbao kwenye nyusi. "Tena ana sauti kubwa. Nimemsikia vizuri kabisa, na yuko Kiwira tangu asubuhi, anapima ukumbi."

Bibi Tupokigwe akakaa na chai mdomoni, asijue aimeze au aitoe. Akamgeukia mume wake. Mzee alikuwa akitazama migomba, uso mkavu kama ubao uliopigwa msasa, isipokuwa pembe moja ya mdomo iliyokuwa ikitetemeka, papo hapo, bila kungoja kesho.